Siku Nne za Kwanza Ugenini



Ndugu wasomaji, wazazi wetu na wanafunzi wetu, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, mwaka huu tumeona tuandike juu ya jambo ambalo hapa kisiwani bado ni la wachache, lakini linakuja: kijana wetu kupata nafasi ya kusoma Ulaya.

Kila habari kama hiyo inapofika barazani, watu hugawanyika. Wako wanaosema asiende, atapotea. Wako wanaosema aende upesi, riziki imemfungukia. Tumewasikiliza wote kwa heshima, na kwa maoni yetu wote wanabishana juu ya safari, na mtihani wenyewe uko kwenye kufika. Kijana akiharibikiwa mwaka wa tatu, ukifuatilia utaukuta mzizi wake katika zile siku za mwanzo: alikaa na nani, alisali wapi, na siku moyo ulipomwelemea alimwambia nani.

Wanafunzi wetu wa fikihi wanalijua hili kwa upande wa sala. Katika madhehebu yetu ya Shafi, msafiri hupunguza sala na kukusanya. Lakini akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, hukumu ya safari humwondoka pale pale anapofika. Basi mwanafunzi aliyekwenda kusoma miaka mitatu ni mkaazi tangu anapotua mzigo wake chumbani. Adhuhuri yake ni rakaa nne, na Ijumaa inamhusu. Sheria imeshamhesabu kuwa mwenyeji wakati yeye mwenyewe hajui hata swichi ya taa iko wapi. Moyo wake bado uko Kilindoni, pengine haujavuka hata Nyamisati. Pengo hilo, baina ya sala iliyokwisha kuhamia na moyo ambao haujahamia, ndilo tunalotaka kulizungumza.

Tuchukue mji mmoja ili tusiseme hewani. Canterbury, kusini mashariki mwa Uingereza, ni mji mdogo wenye kuta za kale zilizoanzwa na Warumi, na kanisa kuu ambalo mnara wake unaonekana kutoka mbali. Mtawa Augustine alifika huko kutoka Roma mwaka 597. Kwa hesabu tunayoijua sisi, hiyo ni miaka 13 kabla ya wahyi wa kwanza kumshukia Mtume (S.A.W.) mwaka 610. Mwaka 1170 askofu wao mkuu, Thomas Becket, aliuliwa ndani ya kanisa hilo, na kwa karne nyingi watu wakawa wanafunga safari kwenda kuzuru kaburi lake. Kwa hiyo ni mji wa mahujaji, kwa dini yao.

Mtoto wetu akifika mji kama huo, siku ya kwanza au ya pili atatembezwa. Ataoneshwa ukuta, ataoneshwa jiwe, na ataambiwa kila kimoja kina miaka mingapi. Hapo wengi hunywea, wakajiona wametoka mahali pasipo na kitu. Tunawaomba wazazi, kabla kijana hajaondoka, wampandishe dau mpaka Juani akatembee ndani ya Kua, aone misikiti na nyumba za mawe zilizokuwa na watu mpaka mwanzoni mwa karne ya 19, walipovamiwa na Wasakalava kutoka Bukini. Wapo vijana wa Kilindoni wenye umri wa miaka 18 ambao hawajafika Kua hata mara moja, na hilo linatusikitisha kuliko tunavyoweza kuandika. Tena wajue kwamba magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, jirani zetu wa kusini, yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981. Canterbury iliingizwa mwaka 1988. Tumetangulia kwa miaka saba, na si dhambi kulitaja hilo kwa tabasamu mbele ya anayekutembeza.

Hatukuchagua Canterbury kwa bahati. Ndiko alikosomea Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Unguja wa mwaka 1948, mtoto wa chuo cha Kurani kama ninyi mnaosoma ukurasa huu. Aliondoka Zanzibar akiwa kijana, baada ya mapinduzi ya 1964 na misukosuko iliyofuata, akafika Uingereza karibu na mwanzo wa mwaka 1968. Hakwenda na mpango uliokamilika. Alisoma, akafanya kazi ya mhudumu hospitalini, akapata shahada yake ya kwanza mwaka 1976, na mwaka 1982 akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Kent, pale pale Canterbury, alikokuja kuwa profesa. Mwaka 2021 alipewa tuzo ya Nobel ya fasihi. Riwaya yake mojawapo tunaweza kuisoma kwa lugha yetu, ilitafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi mwaka 2022.

Hatumtaji ili awe kielelezo cha kila kitu. Ya mtu na Mola wake tunamwachia mwenyewe. Tunamtaja kwa kuwa ni shahidi. Amesema mwenyewe, tena zaidi ya mara moja, kwamba kuandika kwake kulianzia katika miaka ile ya mwanzo ya ugeni, kwa kukumbuka nyumbani na kuona uzito wa alichokiacha. Hebu fikirini. Mtu aliyefika hadi Nobel hakuficha kwamba mwanzo ulimvunja. Katika riwaya yake ya 1988, Pilgrims Way, kijana Mtanzania aitwaye Daud anaishi katika mji wa Kiingereza wenye kanisa kuu na kufanya kazi hospitalini, na upweke na matusi ya njiani vinamtafuna.

Na tusiwadanganye watoto kuhusu matusi. Gurnah alifika katika wakati mbaya. Aprili 1968 mbunge Enoch Powell alitoa hotuba yake mashuhuri mjini Birmingham dhidi ya wageni, na mwaka huo huo Bunge lao likapitisha sheria ya kukataza kubaguana katika nyumba na kazi. Mambo yote mawili yalitoka katika nchi moja na katika mwaka mmoja. Sheria hiyo na zilizoifuata zimepunguza mengi, lakini mtoto wa kike mwenye hijabu aambiwe mapema kwamba anaweza kutupiwa neno barabarani, na kwamba neno hilo si hukumu ya mji mzima. Akiambiwa na mama yake kabla ya safari, litamuuma, kisha litapita. Akikutana nalo siku ya tatu bila kuambiwa, ataamini kila anayepita anafikiri vivyo hivyo.

Kuna jambo dogo zaidi linalowatesa wengi kuliko matusi, nalo ni salamu. Huku kwetu mtu hawezi kutoka nyumbani mpaka sokoni bila kuamkia watu ishirini: shikamoo, marahaba, za kwenu, wazima wote? Kule jirani wa chumba cha pili anaweza kupita kimya, na hana ubaya wowote, ndiyo desturi yao. Kijana akihesabu siku mbili bila kusalimiwa, huona amechukiwa. Mwambieni aanze yeye, kwa lugha yao, hata kwa neno moja. Wengi huitika, na baadhi yao walikuwa wakingoja mtu aanze.

Sasa tuje kwenye kibla, maana hapa mwanafunzi wa madrasa ana cha kufurahia. Tazameni ramani. Kisiwa chetu na Makka viko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, ule wa takribani nyuzi 39 na nusu mpaka 40 mashariki. Kibla yetu sisi ni kaskazini, sawasawa kabisa, na ndiyo maana wazee wa pwani waliita kaskazini yenyewe kibla. Mtoto wa Mafia amesali kuelekea kaskazini tangu alipofundishwa kusimama. Akifika Canterbury, au Edinburgh, au mji wowote wa Uingereza, Makka iko kusini mashariki yake. Usiku wa kwanza, mwili wenyewe utataka kugeukia ilikozoea. Wengine husema hilo ni jambo la simu tu, programu itaelekeza. Ndiyo, itaelekeza. Lakini tumeona ni vizuri ajue kwa nini, asije akaingiwa na wasiwasi kwamba mwaka mzima sala zake zilikwenda upande sio.

Jua ndilo gumu zaidi. Huku magharibi huingia baina ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, na mtoto hukua akidhani ndivyo Mwenyezi Mungu alivyoliweka jua kwa watu wote. Masomo ya vyuo vya Uingereza huanza mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba. Mwanzoni mwa Oktoba, magharibi pale Canterbury ni kama saa 12 na nusu jioni. Haya, atasema, ni kama nyumbani. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za nchi nzima hurudishwa nyuma kwa saa moja, na mwezi ukiisha magharibi inaingia kama saa 10 na nusu alasiri, yumo darasani. Katikati ya Desemba jua huzama kabla ya saa 10 alasiri na huchomoza saa 2 asubuhi. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinabanana ndani ya muda ambao sisi huku tunautumia kulala mchana. Kisha Juni kila kitu kinageuka: jua linazama baada ya saa 3 usiku, na wekundu na weupe wa mbingu hauondoki kabisa hadi alfajiri, hata wanavyuoni wa nchi hizo wamekuwa na kauli mbalimbali juu ya wakati wa isha. Edinburgh, iliyo mbali zaidi kaskazini, mambo yamezidi: Juni magharibi ni saa 4 usiku.

Nasaha yetu hapa ni fupi. Mwanafunzi asifanye ijitihadi peke yake chumbani kwa kulinganisha ratiba tano za kwenye intaneti. Aende msikiti wa mji alioko, achukue ratiba yao, aifuate. Pale Edinburgh, kwa mfano, msikiti mkuu uliofunguliwa mwaka 1998 uko jirani kabisa na chuo kikuu, mtoto anaweza kutoka darasani na kuwahi jamaa. Na katika vyuo vingi vya Uingereza ipo jumuiya ya wanafunzi wa Kiislamu, zenye shirikisho lao tangu mwaka 1963. Kujua msikiti uko wapi ni kazi ya siku ya kwanza, kabla hata ya kununua kijiko.

Chakula hakitutii wasiwasi mkubwa. Nyama aulizie duka la Waislamu, na asipolijua bado, basi huyu ni mtoto wa Mafia, tangu lini akashindwa kuishi kwa samaki?

Jambo lililotufanya tuandike makala haya ni lingine. Ni nasaha moja ambayo tunaisikia mara nyingi ikitolewa kwa nia njema kwenye dua ya kumuaga kijana: mwanangu, ukifika kule usichanganyike na mtu, toka darasani ingia chumbani, funga mlango. Wanaoitoa ni wazee wetu na tunawaheshimu. Lakini hatukubaliani nayo.

Wiki ya kwanza katika vyuo vya Uingereza ni wiki ya kuwapokea wageni. Kila jioni kuna mkusanyiko, na mikusanyiko mingi ina pombe. Kijana aliyeambiwa afunge mlango atafunga, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anasikia kicheko ukumbini. Huku chini hana mtu, huko juu wapo wote. Anaanza kuona kwamba dini yake na kuwa na watu ni vitu viwili visivyokaa pamoja, na lazima achague. Hakuna mtu aliyemwambia hivyo, mlango ndio uliomwambia. Basi siku ya kumi anapoufungua, anatoka bila chochote mkononi. Hajui la kusema, hana rafiki wa kusali naye, anashika anachopewa. Yule aliyeambiwa toka, salimia, kaa na watu mchana, ukialikwa penye pombe sema kwa uwazi na bila kununa kwamba wewe Mwislamu hunywi, na jioni yako ipeleke kwenye jumuiya ya Waislamu, huyo siku ya kumi ana marafiki wa aina mbili na heshima kwa wote. Wenyeji wengi wa kule hawalazimishi mtu anayesema wazi. Wanaomsumbua mtu ni pale wanapomwona anasita.

Na tusidhani haya ni mawazo mapya. Waislamu wa kwanza kuhamia ugenini walikwenda Habasha mwaka wa tano wa utume, sawa na 615, kwa mfalme Mkristo, kwa sababu walisikia kwake hakuna anayedhulumiwa. Walipoitwa mbele ya Najashi, Jaafar bin Abi Talib (R.A.) alisimama akaeleza dini yake kwa lugha iliyopangika, akasoma mwanzo wa Suratu Maryam, na mfalme akalia. Jaafar hakufunga mlango. Alikaa ugenini zaidi ya miaka kumi, akarudi mwaka wa saba wa Hijra wakati wa Khaybar, na Mtume (S.A.W.) akampokea kwa furaha kubwa. Ukitaka dalili ya kusafiri na kuishi na watu, hiyo inatosha. Ile kauli ya kutafuta elimu hata Uchina, inayosomwa kwenye kila mahafali, wanavyuoni wa hadithi wameidhoofisha sana, na tungependa wasoma risala waipumzishe kidogo. Aya ya 13 ya Suratul Hujurat, inayotaja sababu ya kufanywa kwetu mataifa na makabila, ipo na haina shaka.

Wazazi, nanyi mna sehemu yenu. Simu ya leo ni neema, Gurnah na wenziwe walingoja barua kwa majuma. Lakini simu ikimkamata mtoto kila usiku mpaka usiku wa manane kwa habari za nani kaolewa na nani kagombana, mwili uko Ulaya na mtu mwenyewe hajaondoka. Pangeni siku. Na mkumbuke saa: mkishatoka sala ya alfajiri saa 12 huku, kule ni saa 9 usiku wakati wa baridi, au saa 10 wakati wa kiangazi. Zaidi ya yote, msimwombe pesa mwezi wa kwanza. Tunalisema waziwazi kwa sababu linatokea. Mtoto hajalipa hata chumba, ameshatumiwa ujumbe wa bati za nyumba ya mjomba. Ataona haya kukataa, ataacha vipindi akafanye kazi za usiku, na mwisho wa mwaka tutauliza kwa nini amefeli. Mwalimu Nyerere alipokwenda Edinburgh mwaka 1949 alikuwa mtu mzima wa miaka 27, ameshafundisha Tabora, na alirudi na shahada yake mwaka 1952. Huyu wetu ana miaka 19. Mwacheni asome.

Limebaki lile linalosemwa kwa sauti ya chini: asiporudi je? Ni kweli, wapo wasiorudi. Lakini tuwe waadilifu katika kuhukumu. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, msomi wa Kurani, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na Desturi za Wasuaheli, kitabu kinachotegemewa mpaka leo na wanaotafiti mila za pwani, kilitoka mwaka 1903 kutokana na maandishi yake. Alioa mke Mjerumani, na mwaka 1905 akafunga safari kurudi naye nyumbani. Serikali ya kikoloni ya Kijerumani haikutaka mume mweusi na mke mweupe washuke pamoja pwani yetu. Alirudi Ujerumani, na alifariki Berlin mwaka 1927. Aliutaka mrima wake, akazuiwa na wengine. Kwa hiyo kabla ya kusema fulani katupa kwao, tuulize kwanza ni nini kilichomzuia, na kama sisi wenyewe tulimwekea mlango wazi.

Kwa upande wetu walimu, tumekubaliana kwamba kijana yeyote wa madrasa hii anayekwenda kusoma mbali, iwe Ulaya, iwe Dodoma, apitie kwetu kwa wiki mbili kabla ya safari. Hatutamfundisha mengi. Atasalisha, alfajiri na isha, watu wazima wakiwa nyuma yake. Atatoa hutuba fupi ya Ijumaa. Atajifunza kuosha maiti na kumsalia. Atapika wali mwenyewe na tutaula, ukiungua tutaula hivyo hivyo. Wasichana nao watajifunza yanayowahusu kwa walimu wao wa kike, na wao pia watasomesha wadogo wao tajwidi mbele yetu. Kwa sababu katika mji kama huo wa kigeni, siku ya pili au ya tatu, katika chumba walichopewa Waislamu wa chuo, watakusanyika vijana sita wa nchi sita, magharibi imeingia mapema kuliko walivyotarajia, na kila mmoja atakuwa anamtazama mwenzake kuona nani atakwenda mbele.

Wabillahi tawfiq.